Sentimita Mbili za Mwaloni

Bamba la mwisho la ngazi lilipaswa kulala sawasawa na sakafu ya chumba changu cha kulala. Halikulala. Lilikaa chini kidogo, na nilipopitisha mkono ukingoni, kidole gumba changu kikaingia chote kwenye pengo, pamoja na kucha yake.

Nilipima mara tatu. Nikatoa pima maji, nikailaza hapa, nikailaza pale, nikairudisha ndani ya sanduku kama kwamba kosa ni lake. Nguzo ilikuwa wima. Vidato kumi na vitatu vya chuma, kila kimoja kizito kama mtoto wa miaka mitano, vilikuwa vimepangana kuizunguka nguzo kama mapanga ya feni. Nilivipandisha peke yangu, siku mbili, kwa kamba niliyoipitisha kwenye boriti ya paa. Mgongo ulikuwa unanichoma. Nje upepo wa Harlingen, mji wetu wa pwani huku Uholanzi, ulikuwa unaipiga mvua kwa ubavu kwenye vioo, na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi huko juu, ukingoni mwa tundu la duara nililolikata mwenyewe, nikitazama chini, nikijiuliza nimekosea wapi.

Kipimo kilikuwa ukutani, kando ya uso wangu, kwa penseli: 278.4. Chini yake herufi moja, D.

Douwe alikiandika mwaka jana, tulipokuwa bado tunapanga pamoja kuing'oa ile ngazi ya mbao ya bibi iliyokula nusu ya sebule. Alipima kutoka chini hadi juu, akaandika, akanibusu sikioni, akasema, "Siku tukiipata ngazi ya urefu huu, tunaichukua bila kuuliza." Na mimi nikaipata, kwenye duka la mikate lililofungwa kule Franeker. Nikaichukua bila kuuliza.

Nikatazama tena kupitia tundu. Nikaona kitako cha nguzo. Nikaona kilichokuwa chini ya kitako. Saruji.

Wakati Douwe anapima, pale chini palikuwa na mbao za mwaloni. Mbao zake. Unene wake sentimita mbili na ushei.

Miezi minne nimetembea kwenye saruji ile kwa soksi, kila asubuhi nikilaani baridi yake, na haikunijia hata siku moja kwamba nyumba yangu imeshuka. Nilimwondoa mtu, nikabaki na kipimo chake, nikakiamini kuliko nyayo zangu mwenyewe.

Nikashuka kwa ngazi ya kuegemeza, nikaichukua simu, nikaiweka mezani. Nikaosha kikombe kilichokuwa safi. Nikaichukua tena.

"Haifiki," nilisema alipopokea.

"Nini haifiki?"

"Ngazi. Ngazi yetu. Yangu."

Nyuma yake nilisikia mlango wa gari ukiburuzwa.

"Umeifunga mwenyewe?"

"Nani mwingine angenifungia?"

"Kuna mtu ameikanyaga?"

"Bado."

"Basi usiikanyage. Nakuja."

Alikuwa ameshakata simu nilipotaka kumwambia asije.

* * *

Kwetu mtu akihama huondoka na mapazia yake, taa zake na sakafu yake. Hakuna anayeshangaa. Lakini wapenzi wanaoachana huwa wanaacha kitu, hata kwa kusahau. Douwe hakusahau kitu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimhesabia.

Ilianza na mama. Nyumba hii ni ya bibi yangu, na bibi alipofariki ikawa yangu, na mama akasema Douwe asilale humu hata usiku mmoja mpaka aende kwa mwanasheria, aweke sahihi kwamba hadai hata tofali moja. Douwe alikwenda. Aliweka sahihi kama mtu anayepokea barua mlangoni. Mwanasheria akauliza, kuna chochote ndani ya nyumba ambacho ni cha bwana? Douwe akafikiri, akasema, "Sakafu ya chini. Nimeitandika juzi." Ikaandikwa.

Tungeishi na karatasi ile. Wengi wanaishi nayo. Lakini Aprili tuligombana juu ya ukuta wa jikoni, yeye anataka kuubomoa, mimi sitaki, na neno likavuta neno, mpaka nikasimama pale sebuleni nikamwambia, "Humu ndani huna lako, Douwe, isipokuwa hizo mbao unazozikanyaga."

Alikwenda kwenye gari akaleta nyundo na mtaimbo mdogo.

Alizing'oa ubao kwa ubao. Saa saba nzima. Kila ubao aliugeuza, akauandika namba nyuma, akauegemeza mlangoni. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya bibi, kidato cha tatu, nikamtazama. Neno "acha" lilikuwa mdomoni mwangu lote, nalihisi kwenye meno. Sikulitoa. Alipomaliza alifagia vumbi, akaweka ufunguo dirishani, akaondoka.

Sasa alikuwa mlangoni tena, amelowa, penseli sikioni, ananuka mbao na mvua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wake. Sikuwa nimejiandaa kwa mikono yake. Alivua glavu, akavikunjua vidole kama anavyofanya kabla ya kazi, na mimi nikageukia dirishani kutazama mvua nisiyokuwa na haja nayo.

"Umekata tundu vizuri," alisema.

"Nilikuwa na mwalimu."

"Mwalimu gani huyo asiyekufundisha kupima upya?"

Nikamwonyesha ukuta juu. Alipanda kwa ngazi ya kuegemeza, akasoma mwandiko wake mwenyewe. Nilimwona bega lake likitikisika. Anacheka, yule mtu. Anacheka kwenye nyumba yangu.

"Nilipima juu ya mbao," alisema.

"Nimeshajua."

"Umebeba chuma chote hiki kwa kipimo cha mtu uliyemfukuza."

"Sikukufukuza."

"Ulisemaje vile?"

"Unakumbuka nilivyosema."

"Nakumbuka," alisema, na kicheko kikawa kimeondoka sautini. Akashuka. Akapiga magoti kwenye kitako cha nguzo, akapitisha kidole. "Kipande cha ubao chini ya hapa, unene huohuo, yameisha. Duka la pale kona wanauza. Msumeno unao. Ulinipigia mimi kwa nini?"

"Wamefunga."

"Saa tatu asubuhi? Jumamosi?"

Nikaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Hakunisukuma zaidi. Alitazama nje, kwenye gari lake kubwa jeupe, akarudisha macho kwangu, akayaondoa.

"Nina mpaka saa sita," alisema. "Jumatatu naanza kazi Groningen. Nimepata chumba huko. Leo natandika."

"Unatandika nini?"

"Unajua natandika nini, Wytske. Zimo ndani ya gari."

* * *

Kwa vyovyote vile, iwe kipande cha ubao au nini, ngazi ilibidi ivuliwe kwanza. Ngazi ya kuzunguka huwezi kuinyanyua kama meza. Nati moja kubwa iliyo juu kabisa ndiyo inayobana kila kitu. Ukiilegeza, vidato vyote vinaanza kuyumba kuizunguka nguzo, kila kimoja upande wake, na hakuna unachoweza kukikanyaga tena. Nikapanda juu na spana, nikalegeza. Yeye akabaki chini kwenye ngazi ya kuegemeza, akawa anasukuma kidato juu kando ya nguzo, mimi nakidaka, nakivua, nakilaza chumbani kwangu kando ya kitanda.

Kila kidato mikono yetu ilikutana. Haikuwa na jinsi. Chuma ni kizito, huwezi kukiachia mpaka uhakikishe mwenzako amekishika.

"Umekishika?"

"Nimekishika."

"Kweli?"

"Douwe, achia."

Cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu kidole chake kikanaswa chini ya changu, na hakuna aliyekitoa. Nilitazama chini, naye alikuwa anatazama juu, maji ya mvua bado yako kwenye nyusi zake. Nilitaka kumwambia Groningen ni mbali. Nikasema, "Utakula nini huko? Hujui kupika."

"Nitakula mkate."

"Kila siku?"

"Mkate haunigombezi."

Nikavuta kidato kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tulikuwa tumefika cha saba mlango ulipofunguliwa bila kubishwa, na sauti ya mama yangu ikaingia kabla yake. Jumamosi saa nne na nusu mama huja kunywa kahawa, ije mvua, ije theluji. Alikuwa na bati lake la biskuti chini ya koti, kama mtu anayemficha paka.

"Gari la nani hilo limeziba njia?"

Akamwona. Akasimama. Mama yangu Baukje ni mfupi, lakini akisimama hivyo mlango wote unajaa.

"Bi Baukje," Douwe alisema, kidato mikononi. "Habari za asubuhi."

"Nilidhani umeshachukua vyote, bwana fundi. Umerudi kuchukua na kuta?"

"Mama," nilisema kutoka juu.

"Mimi naongea na mgeni. Wewe shuka unywe kahawa."

"Siwezi kushuka, Mama. Tumeshika kazi."

Alivuta kiti, kile kimoja cha maana nilichobaki nacho sebuleni, akakiweka kwenye ukuta wa dirishani, akakaa. Akajimiminia kahawa kutoka chupa yake mwenyewe. Akafungua bati, akatoa biskuti moja, akalifunga. Kifuniko kililia kak. Douwe hakukaribishwa hata moja.

"Nilikwambia ujenge ngazi ya mbao, ya kwenda moja kwa moja," alinipigia kelele kupitia tundu. "Hii utapandishaje kabati?"

"Kwa kamba kupitia dirishani, Mama. Kama kila mtu."

"Na ukiugua? Wakubebe kwa dirisha?"

"Nikiugua nitakaa juu."

"Ukae juu na nani?"

Douwe alinisukumia kidato cha nane. Nilikidaka, nikakivua.

"Mama," nilisema, "ile karatasi ya mwanasheria. Hukutakiwa kuidai."

"Nilitakiwa sana. Baba yako aliondoka na nusu ya nyumba niliyoipaka rangi kwa mikono yangu. Nikahamia kwa mama yangu, humuhumu, na wewe una miaka sita. Hii iliyobaki sikutaka igawanywe. Kama hilo ni kosa, basi nimekosa." Akanywa kahawa. "Na huyu hakukataa. Kama angekuwa na la kusema, angesema."

"Nilikuwa nalo," Douwe alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu mama. Alikuwa amesimama katikati ya ngazi ya kuegemeza, kidato cha tisa kifuani, hanitazami mimi, hamtazami yeye.

"Nilikuwa nalo, Bi Baukje. Nilitaka kusema kwamba nyumba siitaki. Lakini mtu akishika kalamu mbele yako anataka sahihi, hataki hadithi. Nikaweka sahihi. Ingekuwa karatasi mbili ningeweka mbili. Karatasi haikunitoa humu."

"Basi kilichokutoa ni nini?"

Akasukuma kidato juu. Nikakidaka. Macho yake yakaniambia, jibu wewe.

Cha kumi. Cha kumi na moja. Cha kumi na mbili. Mvua ilizidi. Nilikipokea cha mwisho, nikakilaza juu ya wenzake, na mgongo ukagoma kunyooka.

"Ni mimi, Mama," nilisema. "Nilimwambia humu hana lake isipokuwa mbao anazozikanyaga. Kwa hiyo akazichukua."

Kisha nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye sakafu ya saruji, taratibu.

"Ulimwambia hivyo?" mama aliuliza.

"Hivyohivyo."

"Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo, Mama. Na alipokuwa anazing'oa nilikaa nikatazama."

"Hukuniambia hilo. Uliniambia kaondoka."

* * *

Tuliishusha nguzo kwa kamba, mimi nikiachia kidogokidogo kwenye boriti, yeye akiipokea chini na kuilaza kando ya ukuta. Ili ipate pa kulala aliiondoa ngazi ya kuegemeza, akaiweka nje uani. Ndipo nilipogundua kwamba niko juu na vidato vyote kumi na vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoweza kunishusha.

Alisimama chini ya tundu. Kutoka pale nilipolala, dunia yote ilikuwa duara la saruji lenye mtu mmoja katikati.

"Sikiliza," alisema. "Chumba cha Groningen ni mita za mraba ishirini na nane. Mbao zangu zinatosha ishirini na nane, hakuna ziada. Nikikata ubao mmoja niuweke chini ya ngazi yako, kule nina pengo. Naweza kuishi na pengo. Nitaliwekea zulia. Ila nataka kujua kabla sijashika msumeno. Unataka kipande cha ubao, au unataka nini?"

"Nataka ngazi ifike."

"Hiyo kipande kinatosha."

"Najua kinatosha."

"Basi?"

Nilihisi lile neno la Aprili, lile la kwenye meno. Lilikuwa bado lipo. Miezi minne halikuwa limeoza wala kwenda popote. Mama alikuwa pale dirishani anasikia kila kitu, na mimi ni mtu ambaye hata daktari simwambii panapouma.

"Duka la kona halijafungwa," nilisema. "Nilijua tangu alfajiri. Nilijua ubao utatosha. Nilikupigia kwa sababu kila asubuhi nakanyaga saruji na nakukumbuka wewe, na jioni hivyohivyo, na nimechoka. Sitaki kipande, Douwe. Nataka sakafu. Ukuta wa jikoni ubomoe, usiubomoe, utaamua na mimi. Kile nilichokwambia hakikuwa kweli hata siku ile. Humu ndani kila kitu nilikiweka nikikufikiria. Hata tundu hili. Nililikata likiwa kubwa zaidi kidogo, kwa sababu wewe una mabega."

Maji yalidondoka kutoka nywele zake, yakaacha alama nyeusi kwenye saruji, moja, ya pili.

Kisha akageuka, akatoka kwenye duara.

Nikasikia mlango wa mbele. Nikasikia hatua zake kwenye maji. Nikajivuta mpaka kichwa kikaning'inia tunduni. Sikuona kitu ila saruji. Dirisha langu la juu linatazama uani, si barabarani. Nilisimama, nikaruka vidato, nikarudi, nikalala tena. Hakuna ngazi. Hakuna pa kupita.

"Mama, anafanya nini?"

"Amefungua gari."

"Mlango wa mbele au wa nyuma?"

"Mvua hii, sioni vizuri."

"Mama, tafadhali, simama utazame."

"Nimesimama. Ameingia ndani ya gari."

Nilifumba macho, nikasubiri mngurumo. Nilihesabu mpaka ishirini. Kiti cha mama kililia. Alikuwa amekaa tena. Nilifika thelathini na tisa.

Mlango.

Ncha ya ubao ikaingia kwenye duara langu. Mwaloni, nyuma yake namba kwa penseli: 1. Ikafuatiwa na ubao wenyewe, mrefu, na bega lake chini yake, na mgongo wa koti lililolowa. Nilingoja ausimamishe pale katikati, pale penye mashimo manne ya kitako cha nguzo. Pale ndipo mtu anayetaka kipande angeushusha na kuchukua futi.

Hakusimama. Ubao ulipita juu ya mashimo, ukavuka duara, ukatokea upande wa pili, na mkia wake ukaondoka machoni mwangu ukielekea dirishani.

Wakati ule anatutandikia mara ya kwanza, nilimletea chai nikamwuliza kwa nini asianzie mlangoni, karibu na gari. Alinicheka. Alisema ukitandika sakafu nzima unaanzia kwenye ukuta mrefu ulionyooka, ule wa dirishani, na katikati hutandiki mpaka uwe umefika.

Nikasikia magoti yake yakigusa saruji. Nikasikia sauti yake, ya chini, yenye adabu.

"Samahani, Bi Baukje. Umekaa panapoanzia."

Upepo ulitikisa kioo. Mama yangu hajawahi kumpisha mtu kwenye nyumba hii. Hata kasisi alipokuja kwenye msiba wa bibi alikaa alipoonyeshwa. Niliuma mdomo. Nilisubiri.

Kiti kikaburuzwa. Kikaburuzwa tena, mbali zaidi. Viatu vya mama vikaingia kwenye duara langu, vyeusi, vidogo, vikasimama juu ya saruji, na mikono yake ikafungua bati.

"Chukua mbili," alisema. "Kazi ni ndefu."